Kabla ya kilomita 42, pitia 10 na 21

KILA mwaka ifikapo Oktoba, maelfu ya wakimbiaji hukusanyika Nairobi kwa marathoni ya jiji hilo, ambayo ilianza mwaka 2003. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa vyuo na waendeshaji boda boda. Huku kwetu Asumbi nako hamu hiyo imeingia. Alfajiri hukosi kumwona kijana akitimua vumbi kuelekea Rangwe, ama mwalimu aliyevaa bukta akipanda kilima kabla ya kwenda darasani.

Hamu hiyo ni ya kupongezwa. Shinikizo la damu na kisukari vimekwisha kuingia hata vijijini, na mtu anayekimbia mara nne kwa wiki anajijengea kinga ambayo haiuzwi katika duka lolote la dawa. Hata hivyo, ipo kasoro moja ambayo ningependa tuizungumze wiki hii bila kuoneana haya. Wengi wetu hutaka kilomita 42 ziwe ndizo mbio za kwanza maishani mwetu. Mtu hujiandikisha mwezi Septemba, hukimbia wiki tatu nne, hupanda basi la usiku, na asubuhi hujipanga mstarini pamoja na waliojiandaa mwaka mzima.

Waswahili walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maoni yangu ni haya: mtu ambaye hajawahi kushindana katika kilomita 10 na kilomita 21, na ambaye hajajizoeza mbio ndefu za pole kila wiki kwa miezi mitano au sita, hajawa tayari kwa marathoni, hata akiwa na nguvu kiasi gani. Anayemwambia vinginevyo hamtakii mema.

KINACHOTOKEA BAADA YA KILOMITA 30

Ili tuelewane, tutazame kwanza mwili unavyofanya kazi. Mtu akimbiapo, misuli hutumia mafuta ya mwilini pamoja na sukari ya akiba ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Sukari hiyo huhifadhiwa katika ini na katika misuli yenyewe. Akiba yake si kubwa. Kwa watu wengi wanaokimbia kwa bidii, hutosha kwa kiasi cha kilomita 30, au pungufu ya hapo kwa yule asiye na mazoezi.

Marathoni ina kilomita 42 na mita 195. Kwa hiyo kilomita 12 za mwisho ndizo hukusanya madeni yote. Miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe, kichwa huzunguka, na mtu aliyekuwa akiwapita wenzake mapema asubuhi huanza kutembea huku ameshika kiuno. Wakimbiaji huita hali hiyo kugonga ukuta.

Dawa ya ukuta huo ni mbio ndefu, nazo lazima zizoewe mapema kwa sababu haziwezi kumezwa siku ya mashindano. Mtu anapokimbia kwa pole kwa saa moja na nusu, kisha saa mbili, kisha zaidi, wiki baada ya wiki, mwili hujifunza mambo kadha. Hujifunza kutumia mafuta kwa wingi zaidi ili kuokoa sukari. Misuli hujipanua uwezo wa kuweka akiba. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pumzi huimarika upesi kuliko mifupa na kano. Baada ya wiki chache za mazoezi mtu hujisikia mwepesi, anapumua vizuri, naye hudhani yuko tayari kwa lolote. Lakini kano za kisigino, magoti na mfupa wa muundi huhitaji miezi kadha ili kuzoea kishindo cha maelfu ya hatua. Hapo ndipo vijana wengi huumia: pumzi imesema ndiyo, mfupa ulikuwa bado unasema hapana.

MBIO NDEFU NI ZA POLE

Kosa la pili ni kugeuza mbio ndefu za mazoezi kuwa mashindano. Vijana wanne wakitoka pamoja, hawamalizi kilomita mbili kabla ya mmoja kutaka kuwaonyesha wenzake vumbi. Hayo si mazoezi ya marathoni. Mbio ndefu zinapaswa kuwa za pole kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima, au ukiwa peke yako, kusali Rozari kwa sauti bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda kasi mno.

Somo hili si geni. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, alikuwa akiwapeleka wakimbiaji wake vilimani kila Jumapili kwa kiasi cha kilomita 35. Miongoni mwao alikuwa Peter Snell, aliyeshinda dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na tena Tokyo mwaka 1964. Mwenzao Barry Magee alipata shaba ya marathoni huko huko Roma, siku ile Abebe Bikila wa Ethiopia alipowashangaza walimwengu kwa kushinda miguu mitupu. Ikiwa mkimbiaji wa mita 800 alihitaji mbio ndefu, sembuse wa kilomita 42?

Vijana wetu hupenda kumtaja Eliud Kipchoge. Wamesikia kwamba katika kambi ya Kaptagat, Alhamisi ilikuwa siku ya mbio ndefu, wiki hii kilomita 30, wiki ijayo kilomita 40. Nao husema, kama yeye hukimbia 40 mazoezini, kwa nini mimi nisifanye hivyo hivyo?

Jibu ni kwamba wanatazama paa la nyumba bila kutazama msingi. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003. Alipata shaba ya Olimpiki katika mbio hizo mwaka 2004 na fedha mwaka 2008. Nusu marathoni yake ya kwanza aliikimbia Lille, Ufaransa, mwaka 2012, na marathoni ya kwanza Hamburg mwezi Aprili mwaka 2013. Hesabu mwenyewe: kutoka dhahabu ya Paris hadi marathoni ya Hamburg ni karibu miaka kumi. Zile saa 1:59:40 za Vienna mwaka 2019 zilijengwa juu ya msingi huo. Kuchukua mazoezi yake ya Alhamisi na kuacha ile miaka kumi ni sawa na kuvaa koti la daktari na kudhani umesoma udaktari.

KAZI YA MBIO FUPI

Wapo wanaokubali umuhimu wa mbio ndefu lakini wakapuuza mashindano mafupi. Husema, 'Nauli na ada ya kujiandikisha ni pesa. Kwa nini niziharibu kwa kilomita 10 wakati ninataka 42?' Hoja hiyo inasikika kama ya mtu mwenye akiba. Kwa kweli ni ya hasara.

Mashindano ya kilomita 10 hukufundisha mambo ambayo huwezi kuyapata ukikimbia peke yako. Kwanza, hukufundisha kujizuia. Bunduki ikilia, kundi hutoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na asiyezoea huvutwa nalo. Afadhali ulipie kosa hilo katika kilomita 10, ambapo adhabu yake ni dakika kumi za taabu, kuliko katika marathoni, ambapo adhabu ni saa mbili. Pili, hukuonyesha kama viatu vyako vinachubua, kama uji uliokunywa asubuhi unakaa tumboni, na kama unaweza kunywa maji huku unakimbia. Tatu, huupa moyo na mapafu zoezi la kasi ambalo mbio za pole haziwezi kulitoa.

Nusu marathoni nayo ni mzani. Chukua muda wako wa kilomita 21, uzidishe kwa mbili, kisha uongeze dakika kumi. Huo ndio muda bora unaoweza kuutarajia katika marathoni ikiwa umejitayarisha barabara. Anayekimbia mara ya kwanza aongeze dakika 20 au 30. Kwa hiyo aliyemaliza kilomita 21 kwa saa mbili asiote kumaliza 42 kwa saa tatu na nusu. Lengo lake la busara ni saa nne na dakika 20 au 30. Asiyewahi kupima kilomita 21 hana mzani wowote, hukimbia gizani.

Watazame mabingwa wetu wenyewe. Paul Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1995 hadi 1999, na alipata fedha mbili za Olimpiki katika mita 10,000. Hata hivyo, alipoingia marathoni mwaka 2001 hakushinda papo hapo. Ilimbidi angoje hadi Berlin mwaka 2003, alipoweka rekodi ya dunia ya 2:04:55. Catherine Ndereba, aliyeshinda Boston mara nne na kukimbia 2:18:47 jijini Chicago mwaka 2001, alikuwa amejinoa kwa miaka katika mbio fupi za barabarani Marekani. Marehemu Kelvin Kiptum, ambaye alishangaza dunia kwa 2:01:53 katika marathoni yake ya kwanza huko Valencia mwaka 2022, na kwa 2:00:35 jijini Chicago mwaka 2023, hakutoka hewani. Alikuwa amekimbia nusu marathoni kadha, ikiwemo ya 58:42 aliyokimbia Valencia mwaka 2020.

Kwa jirani zetu Tanzania, Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo mwaka 2025, miaka minane baadaye, akimshinda Mjerumani kwa unyoya tu baada ya wote wawili kuandikiwa muda wa 2:09:48. Subira yake ilizaa.

MBIO FUPI NAZO ZINA MPAKA

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtu akimbie mashindano kila wikendi. Mbio fupi husaidia marathoni ikiwa tu mwili umepewa nafasi ya kupumzika kati yake.

Mfano uko karibu nasi, ng'ambo ya vilima vya Kisii. Naftali Temu ndiye Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Siku chache baadaye alipata shaba ya mita 5,000. Kisha katika wiki hiyo hiyo ya mashindano akaingia marathoni. Alimaliza wa 19. Huyu alikuwa mmoja wa watu wenye pumzi kubwa kuliko wote duniani, lakini miguu haikuwa imelipwa deni la mbio zilizotangulia. Ni kweli kwamba Emil Zatopek wa Czechoslovakia alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja ya Helsinki mwaka 1952. Lakini tangu siku ile hajatokea mwingine aliyeweza kufanya hivyo.

Kanuni ya kawaida ambayo makocha wengi huitumia ni rahisi kukumbuka. Kwa kila kilomita moja na nusu uliyoshindana, jipe siku moja ya mazoezi mepesi. Baada ya kilomita 10, wiki moja. Baada ya 21, wiki mbili. Baada ya 42, mwezi mzima.

'MIMI NI MKULIMA, NINA NGUVU'

Hoja nyingine ambayo husikika sana sokoni ni hii: 'Mimi nalima tangu alfajiri, nabeba magunia, naendesha baiskeli hadi Rodi na kurudi. Mazoezi ya nini tena?' Kazi ya shamba kweli hujenga moyo na mgongo, na mkulima huanza akiwa mbele ya karani wa ofisini. Lakini jembe halifundishi kano ya kisigino kupokea kishindo mara elfu arobaini. Mwendesha boda boda naye, pamoja na uchovu wake wote, huwa ameketi siku nzima.

Kuna pia wasemao kwamba mbio ndefu ni za watu wa Bonde la Ufa, sisi wa ziwani ni wa mpira na Gor Mahia. Kweli Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari na Ziwa Victoria liko mita 1,134, nasi tuko juu kuliko ziwa hilo. Hewa ya juu huwasaidia wanaowania medali. Lakini mtu wa kawaida anayetaka kumaliza kilomita 42 akiwa na afya yake hahitaji kuzaliwa Iten. Anahitaji wakati, njia na utaratibu. Ila akumbuke kwamba Nairobi iko juu kuliko Asumbi, kwa hiyo siku ya mashindano aanze polepole kuliko alivyozoea nyumbani.

AFYA YA WATU WA ZIWANI

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu zaidi kuliko watu wa mahali pengine. Eneo letu la ziwa lina malaria mwaka mzima. Mtu mwenye homa asikimbie hata kilomita moja, na aliyemaliza dawa asirudi moja kwa moja kwenye mbio ndefu. Malaria hupunguza damu, na mtu mwenye upungufu wa damu akijilazimisha barabarani huuchosha moyo. Rudi kwa kutembea, kisha mbio za nusu saa, kisha ndipo uendelee.

Aidha, eneo hili ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye watu wengi wanaobeba chembe za ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asianze mazoezi ya aina hii bila kibali cha daktari wake. Yule aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila shida, na wapo wanamichezo wakubwa wa aina hiyo. Lakini imejulikana kwamba akijikaza kupita kiasi ghafla, kwenye joto na bila maji ya kutosha, misuli yake inaweza kuharibika na kuziumiza figo. Kwake yeye kupanda ngazi polepole ni suala la uhai. Kipimo chake ni cha damu tu. Kila anayeishi kando ya ziwa na anayetaka kukimbia marathoni aulize hospitalini kuhusu kipimo hicho.

Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi wasidhani kwamba mlango huu umefungwa kwao. Mtu anayemeza dawa zake ipasavyo na ambaye afya yake imeimarika anaweza kukimbia kama wengine, baada ya kuzungumza na mhudumu wake wa kliniki. Dawa zisikatizwe kwa sababu ya mazoezi wala safari.

Wasichana na akina mama wachunge kiwango cha damu, kwa kuwa hedhi huwapunguzia madini ya chuma. Mnavu, mgagani, maharagwe, omena na maini havigharimu kama vidonge. Kwa wote, viazi vitamu, ugali na uji wa wimbi ndivyo vitakavyojaza ile akiba ya sukari tuliyoitaja. Katika mbio zinazozidi saa moja na nusu, beba ndizi au maji yenye sukari na chumvi kidogo. Kunywa ukisikia kiu, wala usijijaze maji kupita kiasi, maana hilo nalo lina hatari zake.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni dawa za maumivu. Wako wanaomeza vidonge kabla ya kukimbia ili goti lisilie. Dawa nyingi za aina hiyo, zikikutana na joto na upungufu wa maji, huzidhuru figo, tena huficha onyo ambalo mwili unakupa. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, ukisikia kifua kimebana au ukizirai, acha mbio na uende hospitali siku hiyo hiyo.

NGAZI YA MIEZI SITA

Tumchukue mtu anayeweza tayari kukimbia kilomita 5 bila kusimama, na anayelenga marathoni ya mwisho wa Oktoba. Aanze katikati ya Mei. Kwa wiki akimbie siku nne au tano, na mbio ndefu ziwe mara moja tu, Jumamosi au Jumapili kabla ya Misa. Siku nyingine ziwe mbio za pole za kilomita 5 hadi 10, na siku moja akipenda apande vilima au abadilishe kasi, upesi kidogo kisha pole.

Mwezi wa kwanza mbio ndefu zitoke kilomita 8 hadi 12. Mwezi wa pili zifike 16, na katikati ya Julai ashindane kilomita 10. Mwezi wa tatu na kuingia Agosti zipande taratibu hadi 22. Kila wiki ya nne ashuke kidogo ili mwili upumue. Mwanzoni mwa Septemba akimbie nusu marathoni, kisha wiki mbili za mazoezi mepesi. Baada ya hapo ajaribu 25, halafu 28, na mwanzoni mwa Oktoba kilomita 30 au saa tatu, lolote litakalotangulia. Asivuke hapo. Wiki tatu za mwisho ni za kushuka: 20, kisha 12, kisha kupumzika. Wengi huogopa wiki hizo na kuongeza mazoezi dakika ya mwisho, ambayo ni kama kuchimba viazi ili kuona kama vimekua.

Kilomita zipimwe. Mwombe mwenye pikipiki akupimie njia kwa mita yake, ukaweke alama kwenye mti au mwamba. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana kufikia saa tatu jua la huku ni kali. Kimbia upande wa kulia wa barabara ukitazamana na magari, na uyaachie trela za miwa njia yote. Vaa nguo nyeupe. Akina dada watoke kwa kikundi.

TUZILETE MBIO NYUMBANI

Kuna pingamizi moja ambayo naikubali kabisa. Kijana wa Asumbi atazipata wapi hizo mbio za kilomita 10 na 21? Mashindano mengi yenye jina yako Nairobi, Eldoret na kwingineko mbali. Nauli na malazi ya safari tatu humshinda mtu wa kawaida, ndiyo maana huamua kutumia pesa zake zote kwa safari moja ya kilomita 42. Basi lawama zisimwangukie yeye peke yake.

Hili laweza kutengenezwa hapa hapa. Asumbi ina chuo cha ualimu, ina shule ya upili ya wasichana yenye jina, ina parokia na soko. Kilomita 10 zilizopimwa vizuri hazihitaji mdhamini mkubwa. Zinahitaji wanafunzi wa kusimama kwenye njia panda, madumu ya maji safi, muuguzi mmoja na sanduku lake, saa ya mkono, na waendesha boda boda wakubali kuisubiri njia kwa saa moja. Zawadi ikiwa mbuzi mmoja, inatosha kuwaleta wakimbiaji kutoka Rangwe hadi Rongo. Julai kilomita 10, Septemba kilomita 21, kila mwaka bila kukosa.

Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori nazo zina idara za afya na za michezo. Mara nyingi idara hizo mbili hazikai meza moja. Siku ya mbio ni nafasi nzuri ya kupima shinikizo la damu, sukari na selimundu kwa mamia ya watu ambao hawangekwenda hospitalini wakiwa wazima. Gharama yake haiwezi kufikia ile ya kumtibu kijana mmoja aliyeharibikiwa figo.

Kwako wewe msomaji ambaye tayari umejiandikisha kwa marathoni ijayo na hujawahi kufika hata kilomita 15, ushauri wangu ni mfupi. Waulize waandaaji kama unaweza kuhamia kilomita 10 au 21 za siku hiyo hiyo, kwa kuwa marathoni ya Nairobi ina mbio hizo zote. Kimbia hizo, urudi nyumbani ukiwa na magoti yako, na uanze ngazi Mei ijayo. Kilomita 42 hazitahama. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.